Rolakosta Iliyoshushwa Mwambani

Rolakosta ni reli ya burudani. Treni fupi yenye viti huvutwa kwa mnyororo hadi kilele cha kilima kilichojengwa kwa chuma au kwa mbao, kisha huachiliwa. Tangu hapo haina injini wala usukani. Huteremka, hupanda, hupinda, na hata huwapindua abiria miguu juu kichwa chini, yote hayo kwa nishati ile iliyowekwa akibani wakati wa kupandishwa. Kimo cha kilima cha kwanza ndicho mtaji wa safari nzima, na kwa sababu hiyo viwanja vya burudani vya Marekani, Japani na Ulaya vimeshindana kwa miaka mingi kujenga vilima virefu zaidi na zaidi.

Je, itakuwaje pale ambapo kimo kimekatazwa?

Swali hilo liliwakabili wabunifu wa uwanja wa Alton Towers, ulioko Staffordshire, Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Uwanja huo haukuanzishwa katika pori tupu. Zamani mahali hapo palikuwa makao ya makabaila wa Shrewsbury, waliojenga jumba kubwa la mawe lenye minara na, kuanzia mapema katika karne ya 19, wakageuza bonde la jirani kuwa bustani mashuhuri. Jumba sasa ni gofu, lakini gofu hilo pamoja na bustani zake vimehifadhiwa kisheria, na kando ya mipaka ya uwanja wapo wanakijiji waliozoea utulivu wa shamba. Uwanja wa burudani wa namna ya kisasa ulianza hapo mwaka 1980, na miaka kumi baadaye ukanunuliwa na kampuni ya Tussauds. Wenye mamlaka ya mipango ya ujenzi walikuwa na sharti moja ambalo halikuwa na mjadala: chombo chochote kipya kisichomoze juu ya vilele vya miti.

Sharti hilo halikuwa la maandishi matupu. Rolakosta moja iliyokuwa na minara iliyochomoza juu ya miti, iliyoitwa Thunder Looper, ilikubaliwa mwaka 1990 kwa kibali cha muda tu. Muda ulipokwisha, mwaka 1996, iling'olewa.

Basi mbunifu John Wardley, aliyekabidhiwa kazi ya kuupatia uwanja kivutio kipya, alikuwa na mambo mawili yasiyopatana. Wageni walitaka kasi na hofu, navyo huzaliwa na kimo. Sheria nayo ilitaka kila kitu kiwe kifupi kuliko mti. Mipango miwili ya kwanza, iliyokusudia kutumia aina ya rolakosta ambamo treni hupita katikati ya reli zake kana kwamba imo ndani ya bomba, iliachwa. Wardley aliijaribu mashine ya aina hiyo na kuiona nzito na isiyosisimua. Wakati huohuo kampuni changa ya Uswisi, iliyoasisiwa mwaka 1988 na wahandisi Walter Bolliger na Claude Mabillard, ilikuwa ikitengeneza kitu tofauti kabisa. Mwaka 1992, katika uwanja mmoja wa Jimbo la Illinois nchini Marekani, ilifungua rolakosta ambayo reli iko juu na abiria wananing'inia chini yake, miguu ikielea hewani, mfano wa watu waliokaa kwenye bembea. Aina hiyo haikuwako bado Ulaya. Wardley aliitaka, na kwa kuwa hakuweza kuinua reli, aliamua kuishusha ardhi.

Shimo badala ya mlima

Palipochaguliwa palikuwa na mwamba imara. Mafundi waliulipua kwa baruti na kuuondoa, wakaacha korongo lenye kuta za mawe. Ndani ya korongo hilo ndimo ilimojengwa rolakosta iliyopewa jina la Nemesis, ambalo ni jina la mungu-mke wa kisasi katika masimulizi ya Wayunani wa kale. Ilifunguliwa mwezi Machi 1994, na gharama yake ilitajwa kuwa pauni milioni 10. Reli yake ina urefu wa mita 716, na safari nzima huchukua sekunde kama 80.

Takwimu mbili zinastahili kuangaliwa kwa makini. Kilele cha Nemesis kiko takriban mita 13 tu juu ya ardhi, kimo ambacho mnazi wa kawaida hukipita. Lakini tofauti ya kimo kati ya kilele hicho na chini kabisa ya korongo ni karibu mita 32. Mtazamaji aliye nje ya miti haoni kitu. Abiria aliye ndani huteremka kimo cha ghorofa kama kumi.

Fizikia haiulizi ardhi iko wapi. Nishati tuli, yaani ile iliyomo katika kitu kwa sababu ya mahali kilipo, hupimwa kwa tofauti ya kimo baina ya sehemu mbili. Haijali kama sehemu ya juu ni ncha ya mnara na ya chini ni uwanja, au ya juu ni uwanja na ya chini ni sakafu ya shimo. Chukua abiria mwenye tungamo la kilo 60. Akiteremka mita 32, nishati tuli inayoachiliwa ni 60 × 9.8 × 32, yaani karibu jouli 18,800. Kama yote ingegeuka nishati mwendo, mwanafunzi aweza kukokotoa kwamba kasi yake huko chini ingekuwa mita 25 kwa sekunde, sawa na kilomita 90 kwa saa. Kasi kubwa ya Nemesis inayotajwa ni kama kilomita 80 kwa saa. Tofauti hiyo imeliwa na msuguano wa magurudumu na upinzani wa hewa, navyo huigeuza nishati kuwa joto na sauti. Kwa kuwa nishati mwendo hufuata mraba wa kasi, kilomita 10 zilizopotea zina maana kwamba karibu moja ya tano ya nishati yote imetoweka.

Hapa lazima msomaji ajihadhari na kosa lililo rahisi kufanywa. Aweza kudhani kwamba shimo limewapa wahandisi nishati ya bure: mnyororo umeinua treni kidogo tu, nayo imeanguka sana. La, hasha. Treni lazima irudi kituoni ilikoanzia, na ili irudi lazima itoke shimoni. Nishati yote iliyopatikana kwa kushuka chini ya kiwango cha kituo ni mkopo, na mkopo huo hulipwa kwa ukamilifu wakati wa kupanda tena. Kitu pekee ambacho treni hupewa bila kudaiwa ni kazi ya mnyororo kutoka kituoni hadi kileleni. Kutoka katika akiba hiyo ndogo hulipwa msuguano wote, upinzani wote wa hewa, na chochote kitakachobaki humalizwa na breki mwishoni. Kwa hiyo mhandisi ajengaye shimoni ana kasi kubwa huku chini, lakini bajeti yake ya hasara ni finyu. Akikosea kidogo katika kukadiria msuguano, treni haitafika. Itapanda nusu ya kilima, itasimama, itarudi nyuma, na itabembea huku na huku bondeni hadi itulie.

Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili darasani kwa kipande cha mpira wa maji kilichopasuliwa kwa urefu na gololi moja. Mpira ukipindwa uwe na bonde refu, gololi itapita bondeni kwa kasi ya ajabu, lakini ng'ambo ya pili haitafika kamwe kimo kile ilichoachiwa. Wanafunzi wapime pengo hilo, kisha waongeze kina cha bonde bila kubadili kimo cha mwanzo, na wapime tena. Wataona kwamba bonde likiwa refu zaidi, kasi huongezeka, lakini pengo halipungui. Aghalabu huongezeka, maana njia imekuwa ndefu.

Mviringo usio duara

Abiria wa Nemesis hugeuzwa kichwa chini mara 4. Mara moja kati ya hizo ni katika kitanzi cha wima, yaani reli iendayo juu, ikajikunja nyuma na kurudi chini. Mtu asiyefikiri sana angekichora kitanzi hicho kama duara kamili, na hivyo ndivyo walivyofanya wajenzi wa kale. Mwaka 1895 kitanzi cha duara kilijengwa Coney Island, New York, na kikajipatia sifa mbaya ya kuumiza shingo za watu.

Sababu inapatikana kwa hesabu ya kidato cha nne. Ili kitu kizunguke katika duara, lazima pawe na kani iliyoelekea kitovuni, na kani hiyo ni tungamo mara mraba wa kasi, ukigawanya kwa nusukipenyo. Juu kabisa ya kitanzi, treni iwe walau na kasi ya kutosha ili uzito wake wenyewe ufanye kazi hiyo ya kuivuta kitovuni. Pungufu ya hapo, abiria wataning'inia kwenye mikanda yao. Sasa treni hiyo ikiteremka kutoka juu ya duara hadi chini, imepita kimo cha vipenyo viwili vya nusu, na kasi yake imeongezeka. Ukifuatisha hesabu utakuta kwamba chini ya duara kiti lazima kimsukume abiria kwa kani iliyo mara 6 ya uzito wake. Ukubwa wa duara haubadilishi jibu: liwe la mita 5 au la mita 50, ni mara 6. Kijana wa kilo 50 atajihisi ana kilo 300, kichwa chake kitalemea shingo, na damu itakimbilia miguuni.

Aliyepata dawa ya tatizo hili kwa rolakosta za kisasa ni mhandisi Mjerumani Werner Stengel, aliyeshiriki katika kubuni rolakosta ya Revolution huko California, iliyofunguliwa mwaka 1976. Kitanzi chake kilikuwa na umbo la chozi lililogeuzwa: chini kimepanuka, juu kimebanwa. Pale treni iendapo kasi, nusukipenyo ni kikubwa, kwa hiyo kani ni ndogo. Pale iendapo polepole, nusukipenyo ni kidogo, na kani inatosha. Mkunjo huongezeka kidogo kidogo, wala hauji kwa ghafula. Wajenzi wa reli za kawaida na barabara kuu walikwisha kuujua mkunjo wa namna hiyo zamani. Huutumia kuingiza gari katika kona bila kuwarusha abiria upande. Stengel aliusimamisha wima. Yeye huyo ndiye aliyefanya kazi pamoja na Wardley katika kubuni njia ya Nemesis, ambako kani hufika zaidi ya mara 3 ya uzito, lakini kwa muda mfupi tu na kwa kuongezeka taratibu.

Katika rolakosta ya kuning'inia lipo jambo jingine. Abiria yuko chini ya reli, kwa hiyo reli ikichora njia moja, mwili wa abiria unachora nyingine. Mhandisi huanza na njia ya moyo wa abiria, halafu ndipo atafute reli ipite wapi. Hakuna fundi awezaye kuikadiria kwa jicho. Kila kipande cha reli hukokotolewa, hukunjwa kiwandani kwa vipimo vyake, na huletwa kikiwa na namba yake ya mahali pake.

Karibu na mawe

Kujenga katika uwanja uliokwisha kuwapo ni tofauti na kujenga mahali patupu, kama vile kuongeza chumba katika nyumba yenye wapangaji kulivyo tofauti na kujenga nyumba mpya. Wageni wanaendelea kuja. Mabomba ya maji, nyaya za umeme na mifereji iko chini ya miguu. Barabara za vijijini ni nyembamba, na lori la vyuma virefu halipiti ovyo. Uwanja wa Alton Towers kwa desturi hufungua msimu wake mwezi Machi, baada ya majira ya baridi, na tarehe hiyo humkalia mjenzi kooni. Nemesis ilifunguliwa mwezi Machi. Rolakosta mbili nyingine zitakazotajwa hapa pia zilikusudiwa mwezi huo.

Ndani ya korongo, adui wa karibu ni mwamba wenyewe. Miguu ya abiria inaning'inia, mikono yao inanyooshwa, na treni inapita karibu na kuta za mawe makusudi ili watishike. Karibu hiyo lazima iwe ya macho tu. Desturi ya kazi hii ni kufunga juu ya treni fremu yenye upana wa mikono na miguu ya mtu mrefu aliyejinyoosha kwa kila upande, kisha kuipitisha polepole katika njia nzima. Ikigusa jiwe, tawi au nguzo popote, kinachogusa hukatwa, ama reli husogezwa. Baada ya hapo treni huzungushwa bila watu, kisha ikiwa na masanamu yaliyojazwa maji ili kuiga uzito wa abiria.

Treni nayo haiwezi kuruka nje ya reli, na sifa ya hilo si ya juzi. Mmarekani John Miller aliandikisha hataza mwaka 1919 ya magurudumu yanayopita chini ya reli. Tangu hapo magurudumu ya rolakosta huwa ya aina tatu: yanayobeba uzito, yanayobana kwa ubavu, na yanayoshika reli kutoka upande wa pili. Reli imekumbatiwa pande zote. Iwe juu, iwe chini, iwe imelala, treni inaishika.

Shimo lilisaidia pia katika jambo la kelele. Sauti nyembamba, kama kilio cha mtu aliyetishika, ina mawimbi mafupi. Wimbi la mitetemo 1,000 kwa sekunde lina urefu wa sentimita 34 tu. Mawimbi ya namna hiyo yakikutana na ukuta wa mwamba hayapindi kwa urahisi kuuzunguka. Mngurumo wa reli ni kitu kingine. Mawimbi yake ni ya mita kadhaa, nayo hupanda juu ya ukuta na kusafiri. Boriti ya chuma iliyo tupu ndani hulia kama ngoma magurudumu yapitapo juu yake, na wajenzi wengi wa rolakosta wamezoea kuijaza mchanga ili kuinyamazisha, kwa kuwa chembe za mchanga husuguana na kuumeza mtetemo. Hata hivyo amani na majirani haikuwa kamili. Katika miaka ya 2000 wakazi wa karibu walifikisha malalamiko yao mahakamani juu ya kelele za uwanja huo, na mahakama ikauwekea uwanja kikomo cha sauti. Walikuwa na haki yao: mgeni huja siku moja akaondoka, jirani hulala papo hapo.

Shimo la pili

Mafanikio ya Nemesis yalifungua njia. Tarehe 14 Machi 1998 uwanja huohuo ulifungua Oblivion, ambayo wazo lake ni jepesi kueleza na gumu kutenda. Gari la abiria hupandishwa hadi mita 20 hivi juu ya ardhi, linasogezwa ukingoni, linashikwa hapo kwa sekunde chache abiria wakitazama chini, kisha linaachiwa karibu wima kabisa, kwa mteremko wa nyuzi 87 na nusu, na kuingia katika tundu la giza. Mteremko wote ni kama mita 55. Sehemu iliyo kubwa zaidi imo ndani ya ardhi. Kwa hesabu ileile ya awali, kasi isiyo na hasara ingekuwa kilomita 118 kwa saa. Inayotajwa ni 110. Hasara hapa ni ndogo kwa kulinganisha, maana mteremko wa wima ni mfupi kuliko njia yenye kona nyingi, na magurudumu hayakandamizwi na uzito wa gari wakati linapoanguka. Katika muda huo abiria hana uzito: yeye na kiti wanaanguka pamoja, na hakuna anayemsukuma mwenzake. Uzito humrudia kwa nguvu pale reli inapokunja chini kumrudisha usawa.

Kilichotokea mwaka 2015

Si kila kitu kinategemea chuma. Mwaka 2013 uwanja ulijenga rolakosta nyingine, The Smiler, yenye kuwageuza abiria mara 14, idadi ambayo haikuwa imefikiwa na nyingine yoyote duniani. Ilikusudiwa kwa mwanzo wa msimu, ikachelewa hadi tarehe 31 Mei. Njia yake imesokotwa katika nafasi finyu, reli zikipita juu na chini ya nyingine, na treni kadhaa huenda humo kwa wakati mmoja.

Treni nyingi kwenye njia moja huzuiwa zisigongane kwa kanuni iliyoazimwa kutoka reli za kawaida. Njia hugawanywa katika mapingili. Treni hairuhusiwi kuingia katika pingili mpaka iliyotangulia iwe imetoka, na kompyuta huhesabu kwa vipokezi vilivyofungwa kando ya reli. Kama treni imeingia na haijatoka, iliyo nyuma husimamishwa.

Tarehe 2 Juni 2015 kompyuta ya The Smiler ilifanya hivyo hasa. Treni tupu ya majaribio ilikuwa imeshindwa kupanda, ikarudi nyuma na kukwama bondeni, tukio lilelile la gololi iliyoelezwa hapo juu. Kompyuta ikaisimamisha treni ya nyuma, iliyokuwa na abiria 16. Mafundi hawakuiona ile iliyokwama. Wakadhani kompyuta imekosea, wakaliondoa zuio lake kwa mkono na kuiachia treni yenye watu. Ikaigonga ile tupu. Watu kadhaa waliumia vibaya, na wawili kati yao walikatwa mguu. Kuwaokoa kulichukua zaidi ya saa 4, kwa kuwa treni ilikwama mita kadhaa juu ya ardhi, imeinama, ndani ya msokoto wa reli ambamo waokoaji hawakuwa na njia ya kupitia.

Wakaguzi wa serikali hawakupata kasoro katika reli, wala katika magari, wala katika kompyuta. Walichokuta ni kwamba mafundi hawakuwekewa utaratibu ulio wazi wa kufuata pindi mashine inaposimama, na wakasema lawama ni ya uongozi wa kampuni na si ya mtu mmojammoja. Septemba 2016 kampuni iliyokuwa ikiuendesha uwanja ilitozwa faini ya pauni milioni 5. Mwalimu wa fizikia ana sababu ya kulitaja tukio hili pamoja na hesabu za nishati. Kifaa cha kupimia kilisema kweli, na waliokisoma walikuwa wamezoea kukishuku.

Chuma kuchoka

Nemesis haikupata msiba wa namna hiyo. Ilizeeka tu. Chuma kinachobeba mzigo mmoja usiobadilika kinaweza kudumu vizazi. Chuma kinachobebeshwa na kupunguziwa, kubebeshwa na kupunguziwa, huchoka. Kila mwanafunzi aliyewahi kukata waya kwa kuukunja na kuukunjua analijua jambo hilo. Hakuna mkunjo mmoja uliokuwa na nguvu ya kuukata; ni idadi yao. Mathalani, treni ikipita kila baada ya dakika 2, saa 8 kwa siku, siku 230 kwa mwaka, kila kiungo cha reli kitabebeshwa na kupunguziwa mara 55,200 kwa mwaka, na katika miaka 28 zaidi ya mara milioni moja na nusu. Na katika korongo lenye kivuli, maji na mvua ya Uingereza, kutu nayo haikulala.

Mwezi Novemba 2022 rolakosta hiyo ilifungwa. Sehemu kubwa ya reli na nguzo zake iliondolewa kipande baada ya kipande, na mpya zikatengenezwa na kampuni ileile ya Uswisi kwa kufuata njia ileile. Kwa mara ya pili mafundi walilazimika kuingiza vyuma virefu katika korongo lililozungukwa na uwanja, bila kuvunja kuta za mawe zilizokuwa zimeota mimea kwa miaka thelathini. Ilifunguliwa tena tarehe 16 Machi 2024. Kilele chake bado kiko mita 13 juu ya ardhi, na miti inayoizunguka bado ni mirefu kuliko yeye.